Unguja Ukuu: ni ukuu gani huo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, nipo Wete, Pemba. Tumebishana darasani juu ya jina Unguja Ukuu, kile kijiji cha kusini mwa kisiwa cha Unguja. Wenzangu wanasema maana yake ni Unguja yenye utukufu, kwa kuwa zamani ndio uliokuwa mji mkuu. Ni kweli? Na mbona si "Unguja Mkuu"?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamelichukua "ukuu" kama nomino, ule ukuu wa mfalme. Lingekuwa nomino, tungesema "Unguja ya Ukuu". Hapa tuna kivumishi -kuu, na hiyo u- ya mbele ni upatanisho, imelifuata jina Unguja.

Ushahidi unao kwenu. Ukivuka hori kutoka Wete utafika Mtambwe Mkuu, palipofukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984. Mtambwe limeanza kwa m-, likapata mkuu. Unguja limeanza kwa u-, likapata ukuu. Kiswahili sanifu cha leo kimeiacha u- hiyo kwenye vivumishi: twasema ukuta mrefu, uzi mwembamba. Unguja nayo tumeihamisha ngeli, twasema Unguja nzuri. Sarufi ya wazee imebaki ndani ya jina la kijiji, na kwangu hiyo ni hazina sawa na vigae vya Uajemi na China vilivyochimbuliwa pale.

Tena u- yenyewe zamani ilikuwa lu-. Al-Jahiz, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 9, aliiandika Unguja kuwa Lunjuya. Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, akaandika Lanjuya, akasema ni makao ya mfalme wa Zanji, yaani watu wa pwani yetu, na kwamba watu wake wamehamia kisiwa cha Tumbatu. Kiarabu hakina ng yetu, ndiyo maana wakaweka j. Lakini ile l ni ya kwetu: imedondoka kama ilivyodondoka kwenye lulimi, tukabaki na ulimi.

Sasa maana. Neno -kuu limebeba ukubwa na umri kwa pamoja. Jungu kuu halikosi ukoko: si kwa ukubwa wake tu, ni jungu lililopikiwa miaka. Ukilirudia unapata nguo kuukuu, na hapo ukubwa umekwisha, umebaki uzee. Kwa hiyo mimi naisoma Unguja Ukuu kuwa Unguja ya kale. Mfalme alipokuwa bado anakaa pale, ilitosha kusema Unguja. Haja ya kuongeza sifa ilikuja baadaye, jina lilipokwisha kuenea kisiwa kizima na kushika mji wa Shangani. Ikabidi ule wa mwanzo utofautishwe.

Jambo hilo limejirudia. Seyyid Said, sultani wa Omani, alipohamishia makao yake huku kutoka Muscat, mji ule wa Shangani ulikuwa Unguja mjini, na watu wakitaja mitaa: Shangani, Malindi, Forodhani. Ng'ambo, yaani upande wa pili wa hori, ilipojaa nyumba hadi kuupita, ndipo ukawa Mji Mkongwe.