Haukuwa uvivu, ulikuwa woga wa mkasi

Ijumaa nilikabidhi sare 85, siku tatu kabla ya tarehe tuliyokubaliana. Mwenye shule alizikagua moja moja, akavuta marinda, akageuza pindo, akatia sahihi. Nilirudi kibandani kwangu, soko la Kibuye, kwa tuktuk nikitabasamu njia nzima. Jioni nikakuta ujumbe wa msomaji, fundi cherehani mwenzangu kule Kakamega: “Dada, naahirisha kazi mpaka wateja wananikimbia. Nimeanza kuamini mimi ni mvivu. Wewe uliachaje?”

Mdogo wangu, keti nikusimulie.

Novemba 2018 shule moja ya binafsi hapa Kisumu ilinipa oda ya sketi 60 za marinda. Nikapokea nusu ya malipo na majora matatu ya kitambaa cha gabadini ya buluu, nikayapanga kwenye rafu juu ya cherehani. Basi. Kila siku nilifungua kibanda saa moja asubuhi, na kila siku nilijipa kazi nyingine: kubadilisha zipu, kupunguza suruali, kupanga vifungo kwa rangi. Nilishinda nikifanya kazi mpaka mgongo unauma, kwa hiyo neno uvivu usilitumie mbele yangu. Mwalimu mkuu akipiga simu namwambia tunaendelea vizuri, na chaki haijagusa kitambaa.

Nilichokiogopa ni mkasi. Mshono ukikosea unafumua, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi, na hesabu ya marinda haisamehi. Sikuwa nimewahi kukata kazi kubwa namna ile. Nikajificha nyuma ya methali ya wazee, haraka haraka haina baraka, hata nilipobakiwa na juma moja.

Wiki ya kwanza ya Januari mwalimu mkuu alikuja mwenyewe na dereva. Hakufoka. Alihesabu majora, akagusa moja ambalo bado lilikuwa na karatasi yake ya nailoni, akaniangalia, wakayabeba. Soko zima linatazama. Pesa nilikuwa nimeshalipia ada ya mtoto, ikabidi niuze mashine ya overloki ili nimrudishie. Mpaka leo nikikaribia lango la shule ile navuka barabara.

Baadaye nilisoma juu ya Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, watafiti wa saikolojia walioandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha huwa anaikimbia hisia mbaya inayokuja na kazi. Anapata nafuu ya muda mfupi, mzigo anajiachia mwenyewe wa kesho. Nililia. Ndio mimi na zipu zangu.

Kwa hiyo anza siku na kile unachokiogopa, kabla ya zipu, kabla ya simu. Usikate sketi 60, kata moja. Mimi hutega saa dakika 25, mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeianza akiwa mwanafunzi miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ikilia napumzika kidogo, narudi. Ukishakata ya kwanza, mara nyingi mkono wenyewe hautaki kusimama. Ya kwanza ndiyo kazi, narudia tena, ya kwanza. Na ukichelewa mwambie mteja ukweli siku hiyo hiyo. Acha “njoo kesho”! Mafundi tumejiharibia jina mji mzima kwa neno hilo, na wewe na mimi tunaotaka duka la kioo pale barabara ya Oginga Odinga hatuwezi kuingia nalo.

Kesho saa moja asubuhi nina gauni la harusi la kukata. Satini nyeupe, mita nane. Nimeshaitandaza mezani, chaki iko juu yake.