Usonji: Namna ya Kuthibitisha Shida Isiyoonekana kwa Macho

Unamwombea kijana wako mwenye usonji (autism) kadi ya mtu mwenye ulemavu nchini Kenya. Daktari wa tathmini atakaa naye dakika chache tu. Kijana ametulia, anatazama simu, hamsumbui mtu. Wengi huandikiwa "ana usonji" wakarudi nyumbani, kisha maombi ya kadi yakakwama, kwa sababu jina la hali halielezi ni kazi gani za kila siku zinazomshinda. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, huupima ulemavu kwa athari kubwa au ya muda mrefu kwenye uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kawaida. Shikilia hapo.

Kwa hivyo kazi kubwa ni ya nyumbani. Tafuta daftari uandike kwa wiki tatu au nne: alijaribu kufanya nini, nani alimsaidia, ilichukua muda gani, na angeachwa peke yake ingekuwaje. "Hawezi kuongea na watu" haimsaidii daktari. Inayomsaidia ni kama hii: "Jumanne. Alitumwa dukani kununua unga. Alisimama kando ya kaunta nusu saa kwa kuwa muuzaji hakumuuliza anataka nini. Dada yake akamfuata. Akitumwa peke yake hurudi mikono mitupu." Au: "Hawezi kumwambia makanga kwamba anashuka Kondele, hupitishwa. Kelele za matatu zikizidi hujipiga kichwani." Mwombe na mwalimu barua ya namna hiyo hiyo, ieleze matukio yenyewe na yanatokea mara ngapi. Maneno ya sifa au ya huruma hayatasaidia.

Ukiulizwa hali yake, ulimi umezoea kujibu salama. "Anaendelea vizuri, daktari." Jibu hilo la heshima limewanyima wengi haki yao. Eleza siku mbaya ilivyo na huja mara ngapi kwa wiki. Usitie chumvi pia. Swali moja la ziada huianika.

Tathmini ya kiafya hufanyika katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru, anzia hospitali ya rufaa, na uulize kwanza jopo la madaktari wa tathmini hukaa siku gani, usije ukapoteza nauli. Beba kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, picha, ripoti za zamani na nakala ya daftari. Kabla ya kuondoka, soma fomu ukiwa hapo hapo: majina yafanane na ya kitambulisho herufi kwa herufi, sahihi na muhuri viwepo, na sehemu ya kueleza anachoshindwa isiachwe wazi. Kurekebisha baadaye ni safari nyingine nzima. Ripoti ya kituo cha tathmini ya elimu, EARC, ni ya kumpangia mtoto shule. Haichukui nafasi ya ripoti hii ya hospitali.

Ripoti ikikamilika, unajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au katika ofisi yao ya kaunti, ili upate kadi.

Kadi si pesa. Hapa watu wengi huvunjika moyo, kwa hivyo tuseme wazi. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza kwa pesa, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini kwa upande wa ulemavu imelenga familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali, anayehitaji uangalizi wa mwenzake saa zote. Kijana anayejilisha na kuvaa mwenyewe, ila anashindwa na watu, kwa kawaida hataingia. Kama wako hawezi kuachwa hata saa moja, nenda kwa naibu wa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, uliza orodha inafunguliwa lini, maana haifunguliwi kila siku. Mlezi anayeandikishwa awe yule anayeishi naye.

Mtu mzima mwenye usonji aliye na kazi ana msaada mwingine: shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi hazitozwi ushuru wa mapato. Kadi pekee haitoshi. Lazima aombe cheti cha msamaha wa ushuru kutoka KRA, mamlaka ya ushuru, na mwajiri ataendelea kukata mpaka akione. Cheti kina tarehe ya mwisho, kwa hivyo aanze kukihuisha mapema. Na ritani ya ushuru ya kila mwaka bado ajaze, hata kama hadaiwi senti.