Maswali ya Wasomaji: Programu na GDB zinapogombania terminali moja

SWALI: Habari za kazi. Ninakagua programu ya C inayochora menyu kwa ncurses (maktaba ya kuchora kwenye skrini ya terminali), natumia GDB (programu ya kutafutia kasoro) kwenye Ubuntu. Kila programu ikifika kwenye kituo nilichoweka kwa amri ya `break`, menyu na maandishi ya GDB vinachanganyikana hadi sioni kitu. Nikiwasha TUI, yaani mwonekano wa GDB wenye madirisha ya msimbo, ndiyo kabisa. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Dodoma*

JIBU: GDB ikianzisha programu, huipa terminali ileile inayoitumia yenyewe. Kila zamu inapobadilika, GDB huhifadhi mipangilio ya terminali na kuirudisha baadaye, lakini haihifadhi kilichokuwa kimeandikwa kwenye skrini. Nayo ncurses huwa na kumbukumbu yake ya kilichopo kwenye skrini, na huchora sehemu zilizobadilika tu. GDB ikiandika mistari yake juu ya menyu, ncurses haina habari, kwa hiyo uchafu ule haufutwi.

Dawa ni kuzitenganisha. Fungua dirisha la pili la terminali, kisha andika humo:

```
tty
sleep 100000
```

Amri ya kwanza itakutajia jina la dirisha hilo, kwa mfano `/dev/pts/3`. Ya pili inaonekana haina kazi, lakini usiiruke. Bila hiyo, sheli (programu inayopokea amri zako) ya dirisha lile itaendelea kusoma kibodi, na herufi unazobonyeza zitagawanyika: nyingine zitaingia kwenye programu, nyingine zitamezwa na sheli. Utadhani programu yako ina kasoro kumbe haina.

Sasa rudi kwenye GDB, kabla ya kuiendesha programu:

```
set inferior-tty /dev/pts/3
unset environment LINES
unset environment COLUMNS
run
```

Mistari miwili ya katikati husahauliwa na wengi. GDB huandika vipimo vya dirisha lake kwenye `LINES` na `COLUMNS`, na programu huvirithi. Ncurses ikivikuta huviamini kuliko ukubwa halisi wa dirisha ilimo, kwa hiyo menyu hukatwa chini au hujaa nusu ya dirisha.

Huenda ukaona onyo hili:

```
warning: GDB: Failed to set controlling terminal: Operation not permitted
```

Usishtuke. Dirisha la pili tayari ni mali ya sheli iliyomo, na kerneli (kiini cha mfumo) haikubali terminali moja itawale vikao viwili. Programu itasoma na kuandika kama kawaida. Utakachokosa ni ishara zinazotoka kwenye terminali yenyewe: ukitanua dirisha, programu haitaarifiwa, na Ctrl-C ukiibonyeza humo itaiua `sleep` badala ya kuigusa programu. Sheli itaamka na ugomvi wa kibodi utaanza upya.

Ikiwa kasoro unayoitafuta inahusu kutanua dirisha au Ctrl-C, tunapendekeza `gdbserver`, inayoendesha programu kwenye dirisha lake huku GDB ikiikagua kutoka dirisha jingine; Ubuntu huitoa kama kifurushi cha peke yake. Kwenye dirisha la pili, bila `sleep`:

```
gdbserver localhost:2345 ./menyu
```

Na ndani ya GDB:

```
target remote localhost:2345
continue
```

Hapa hutumii `run`, kwa sababu programu imeshaanzishwa na inasubiri kwenye agizo lake la kwanza kabisa. Programu inakuwa na terminali yake kikamilifu, ishara zikiwemo. Usidhani neno `localhost` linaufunga mlango (port) huo kwa mtandao: gdbserver hailizingatii, wala haiulizi nywila, kwa hiyo usiiendeshe kwenye mtandao usiouamini.

Kuhusu TUI, ikivurugika bonyeza Ctrl-L ichorwe upya; Ctrl-X kisha A hukutoa humo. Na programu ikifa ghafla ikaacha dirisha halionyeshi unachoandika, andika `reset`. Enter isipoitika, tumia Ctrl-J.

SWALI: Nimeweka `printf` juu kidogo ya mstari unaoiangusha programu yangu. GDB inasimama kwenye SIGSEGV (ishara ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), lakini ujumbe hauonekani. Nikitumia `run > matokeo.txt`, faili linabaki tupu kabisa. Je, `printf` imerukwa?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Haikurukwa, ndugu yetu. Ujumbe umekaa kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya `stdout`, mkondo wa kawaida wa kutolea maandishi, ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe. Kwenye terminali, maktaba ya C husukuma bafa inapokutana na `\n`; ujumbe wako usipoishia na alama hiyo, unabaki ndani. Kwenye faili mambo ni magumu zaidi: bafa husukumwa ikijaa, mara nyingi baiti 4096, au programu ikimalizika salama. SIGSEGV si kumalizika salama, hivyo programu ikifa hapo kilichomo kwenye bafa hupotea nayo.

Lakini maadamu GDB imeisimamisha, bado unaweza kuutoa:

```
call (int)fflush(0)
```

Sifuri ina maana mikondo yote ya kutolea maandishi iliyofunguliwa. Hiyo `(int)` iandike. Bila taarifa za ukaguzi za maktaba ya C, GDB hukataa ikisema haijui aina ya jibu la `fflush`. Ikiwa programu ina nyuzi nyingi na uzi mwingine umeshika kufuli la `stdout`, amri hii inaweza kuganda. Ctrl-C itakurudisha.

Ili usihangaike kila mara, andika hivi kabla ya `run`:

```
set exec-wrapper stdbuf -oL
```

Kuanzia hapo kila mstari unaokamilika hutoka papo hapo, hata ukienda kwenye faili. Hii hufanya kazi kwa programu inayounganishwa na maktaba wakati wa kuendeshwa. Kama imeunganishwa kwa `-static`, weka `setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);` mwanzoni mwa `main`.

Usijaribu `run | less`. Kwa kutumia bomba, GDB huelekea kuikagua programu isiyo yenyewe. Peleka matokeo kwenye faili, kisha ulifuatilie kwa `tail -f` katika dirisha jingine. Amri za `set logging` nazo hazitakusaidia hapa, maana hunakili maneno ya GDB tu, si ya programu.

SWALI: Kuna neno linachapishwa na programu kubwa niliyorithi kazini, na sijui ni mstari gani unaolichapisha. Nitaunasaje?
*Msomaji, Kigali*

JIBU: Simamisha programu pale inapoomba kerneli iandike. Kwenye mashine ya x86-64:

```
set exec-wrapper stdbuf -o0
catch syscall write
condition 1 $rdi == 1
run
```

Namba 1 baada ya `condition` ni namba ya mtego, ibadilishe kama GDB imekupa nyingine. `$rdi` hubeba namba ya mkondo, 1 ikiwa `stdout`; kwa `stderr` (mkondo wa ujumbe wa makosa) andika `$rdi == 2`. Mtego hunasa mara mbili kwa kila andiko, wakati wa kuingia na wa kutoka. Kwenye kuingia, `x/s $rsi` hukuonyesha maandishi yenyewe, na `bt` (orodha ya fankisheni zilizoitana hadi hapo) hukupeleka hadi mstari ulioyaagiza. Bila `stdbuf`, `bt` ingekuonyesha mahali bafa iliposukumwa, ambapo huenda ni mbali sana na `printf` unayoitafuta.

SWALI: Nikijiunga na programu inayoendelea kwa `gdb -p`, maandishi yake siyaoni. Naweza kuyahamisha bila kuizima?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Unaweza. Maandishi yanaendelea kwenda yalikoelekezwa mwanzo. `ls -l /proc/NAMBA/fd/1` itakuonyesha wapi, ukiweka namba ya mchakato badala ya NAMBA. Kwenye Linux ya x86-64, hifadhi kwanza njia ya zamani, kisha fungua faili jipya:

```
call (int)dup(1)
call (int)open("/tmp/matokeo.txt", 1089, 0644)
call (int)dup2($2, 1)
```

1089 ni jumla ya 1 ya kuandika, 64 ya kuunda faili na 1024 ya kuongeza mwishoni. Ukipata -1, amri hiyo imeshindikana, usiendelee na inayofuata. Ukimaliza, `call (int)dup2($1, 1)` hurudisha hali ya awali, halafu `detach`. GDB ikikataa kujiunga tangu mwanzo, Ubuntu huzuia kwa kawaida kujiunga na mchakato ambao GDB haikuuanzisha: tumia `sudo gdb -p`.