Soketi za marehemu baba: nizizibe kwa simenti?

*Mwanangu fundi, hujambo? Nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Ngamiani, Tanga, ni ya zamani, vyumba sita na ukumbi katikati. Kila chumba kina soketi ya kahawia ya matundu ya mviringo, na nyingi hazifanyi kazi miaka mingi sasa. Karibu na mlango wa uani kuna waya umetokeza ukutani, umekatwa na kufungwa nailoni. Mwingine umepita juu kwa juu hadi jiko la nje, ambalo siku hizi tunawekea kuni. Kijana wa mtaani anasema nisihangaike: atakunja nyaya ndani, atapiga simenti, tupake rangi yaishe. Nina wajukuu wanaotambaa. Nimkubalie?*
Bibi wa Ngamiani

Shikamoo mama. Kijana mpe chai, ila simenti aiweke chini kwanza.

Soketi kushindwa kuwasha redio si ushahidi kwamba haina umeme. Bodi nyingi za zamani, yaani masanduku ya fyuzi, zilifungwa fyuzi mbili kwa kila njia ya umeme, moja ya laivu (waya unaoleta umeme) na moja ya nyutro (waya unaourudisha). Ikikatika ile ya nyutro, redio inanyamaza na nyumba nzima mnaamini soketi imekufa, kumbe laivu ingali imejaa humo ndani. Mtoto akichomeka msumari hapo, inampiga. Na waya wa namna hiyo ukiuzika, masika ukuta ukipata unyevu, au mtu akija kupigilia msumari wa saa, ndipo utajua kwamba simenti haizimi umeme.

Pia hilo la "kukunja ndani" silipendi hata kidogo. Waya wa umri huo mara nyingi umevikwa mpira, si plastiki. Mpira ukizeeka hukauka. Ukiukunja tu unapukutika kama biskuti na shaba inabaki uchi. Nimefungua soketi ambazo waya ulikaa salama miaka yote kwa sababu tu hakuna aliyeugusa.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na umwambie aanzie kwenye bodi, si kwenye soketi. Azime meni swichi, kisha afuatilie kila njia inakoelekea. Waya usiotumika ung'olewe pale unapoanzia, laivu na nyutro zote mbili. Kuchomoa fyuzi peke yake hakutoshi, maana siku moja mgeni mwenye nia njema atairudisha. Kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ya Luku asiguse kitu. Huko ni kwa TANESCO.

Akifungua soketi, simama karibu uangalie naye. Kila skrubu ya shaba imebana waya mmoja au miwili? Ukiwa mmoja, hapo ndipo mwisho wa njia. Ikiwa miwili, soketi hiyo inapeleka umeme mbele, labda kwenye chumba unachotumia, na ukiing'oa ovyo chumba hicho nacho kitazima. Ikiwa lazima maungio yabaki, yakae ndani ya boksi lenye kifuniko cha skrubu kinachofunguka. Maungio hayazikwi ukutani.

Asiamini rangi. Zamani nyekundu ilikuwa laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi (waya wa kinga unaokwenda ardhini). Siku hizi ni kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Nyumba iliyopita mikononi mwa mafundi wengi ina kila kitu humo, hata waya wa spika nimeukuta. Apime kwa mita ya mkononi ya kupimia umeme, tena mita yenyewe aijaribu kwanza kwenye soketi inayofanya kazi, apime ile anayoishuku, kisha arudi kuijaribu tena. Bisibisi ya tesita peke yake isimpe ujasiri.

Ule waya wa jiko la nje ung'olewe ncha zote mbili na ushushwe wote. Ukisugua bati kwa upepo, gamba likatoboka, bati lenyewe linabeba umeme.

Kuna jambo unaweza kulifanya leo bila kugusa waya. Zima taa zote, chomoa kila kitu, meni swichi ibaki imewashwa, halafu tazama kitaa cha Luku kwa muda. Kikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali, na yuniti zako zinakwenda nao. Mweleze fundi hilo kabla hajafungua begi lake.

Huenda akapendekeza abandike soketi mpya za matundu ya mraba kwenye nyaya zilezile. Mkatalie. Soketi mpya inataka ethi, na kama waya wa zamani hauna, tundu la tatu ni pambo tu. Chumba kinachohitaji soketi kivutiwe waya mpya kutoka kwenye bodi, na bodi iwekewe swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Kama fedha haitoshi, anza na chumba wanacholala wajukuu.

Mashimo yatakayobaki yafunikwe kwa vibao vya plastiki visivyo na matundu, vya skrubu mbili. Maduka ya vifaa vya umeme wanavyo. Na ukitaka ile soketi ya chumba cha baba ibaki kwa ukumbusho, iache, mradi nyaya zake zimeshang'olewa kwenye bodi na nyuma yake hapana kitu.