Chubwi isiyoachia itakuponza: karpu wa Naivasha si changu wa Likoni

Ngoja kwanza, weka hiyo ndoana chini. Umeuliza chambo gani na upande gani wa Ziwa Naivasha kwa kuvua karpu, sawa, lakini umetaja kama jambo dogo kwamba chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, ya gramu 80 umeibana kati ya mafundo mawili "ili samaki ajinase mwenyewe". Hapo ndipo nilipopotea mimi. Aliyenipoteza ni muuzaji aliyeapa kwamba ikikazwa ndiyo inanasa. Hela kashatia mfukoni, na nina hakika karpu hajawahi kumwona ila kwenye kalenda.

Karpu hufyonza chambo, hukionja, hukitema. Uzi wa ndoana, ule wa kutoka kwenye chubwi hadi ndoana, ukiwa mfupi, unanyooka mara moja, uzito unaizamisha ncha mdomoni, samaki anashtuka na kukimbia. Kinachonasa ni uzito na ufupi wa uzi. Fundo halina kazi hapo. Mshipi ukikatikia kwenye mizizi ya magugumaji, samaki anabaki na gramu 80 mdomoni, chubwi inakwama, naye anaweza kufia pale pale aliponasa.

Tafuta chubwi yenye tundu katikati. Pitisha mshipi wa mm 0.35, funga swiveli (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka) mwishoni, kisha swiveli hiyo isukume ndani ya kipande cha mpira laini ulichochomeka tunduni. Ibane kiasi cha kutoka ukivuta kwa vidole viwili. Juu ya chubwi pasiwe na shanga, fundo, wala ile lida nene ya baharini, yaani kipande cha mshipi mnene kinachofungwa mbele. Sisi wa pwani ndiyo inayotuponza: fundo lake halipiti tunduni. Jaribu nyumbani: kata mshipi nusu mita juu ya chubwi, inua ndoana, tikisa. Chubwi isipoanguka sakafuni, fumua yote.

Uzi wa ndoana sm 12 hadi 15, si hiyo 40 yako. Atatema kabla hajaugusa uzito. Ndoana namba 6 au 8, punje mbili za mahindi zikining'inia kwenye unywele (kiuzi chembamba kinachotoka kwenye ndoana), ncha iwe wazi. Ncha ikiteleza juu ya ukucha, tupa. Ukitumia fida (uzito wenye kikapu cha chambo) ya gramu 30, uzi uwe sm 10, na fida iachie vilevile.

Breki ya rili uilegeze. Akikimbia usikwepue, ameshanaswa; inua fimbo tu. Ukikaza breki ukaenda kununua chai, fimbo inaingia ziwani, na viboko hawana desturi ya kurudisha vitu.

Kabla hujapanda basi, tupia hapa picha ya chubwi ikiwa sakafuni.