MGB iliyokarabatiwa: kagua vizingiti kwanza, rangi baadaye

Mleta mada anauliza kama achukue MGB ya 1969, gari la michezo la Kiingereza, ile ya wazi isiyo na paa, ambayo muuzaji anasema "imefanyiwa kila kitu" na rangi inang'aa. Mkuu, usitoe hata shilingi mpaka uione chini, na mpaka uonyeshwe picha za bodi ikiwa bati tupu. Aliyekarabati kwa uaminifu anazo, tena nyingi.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na haina chasi ya peke yake. Bodi ndiyo chasi. Kwenye gari la wazi hakuna paa la kusaidia, kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na vizingiti vya chini ya milango. Kila kizingiti kina bati la nje, la ndani, na jingine lililosimama katikati yake. Fundi mwenye haraka huchomelea bati jipya la nje juu ya kutu, anapiga puti (ule unga wa kuziba mabonde ya bodi), anapaka rangi, kazi imekwisha. Kutu inaendelea kula ndani, na siku inapotokeza gari limeshaanza kulegea katikati.

Kubadilisha kizingiti inavyotakiwa kunadai kukata sehemu za chini za madigadi ya mbele na ya nyuma, maana kizingiti kinapita nyuma yake. Ndiyo maana mafundi wengi huikwepa. Chuchumaa utafute mstari wa kiungo pale madigadi inapokutana na kizingiti. Kama umefutika kabisa na pote ni laini, kuna kilichofichwa. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba, au kipimo cha unene wa rangi: rangi ya kiwandani huwa kwenye mikroni 100 hadi 150, iliyorudiwa vizuri 200 hadi 300. Ukisoma zaidi ya 1,000, hapo unapima puti.

Kisha kipimo ambacho muuzaji mjanja hakipendi. Funga mlango, piga jeki upande huo kwenye sehemu yake ya jeki mpaka tairi linyanyuke, ukitazama mwanya wa nyuma ya mlango, upande wa juu. Mwanya huo ukibana waziwazi, au mlango ukigoma kufunguka, bodi haina nguvu, hata kama rangi ni nzuri kiasi gani. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi.

Nasisitiza bodi kwa sababu mengine yote yanafunguka kwa spana, na vipuri bado vinatengenezwa. Injini ni ya cc 1798, imara. Ikishapata moto, mkandamizo wa oili ukiwa kwenye mwendo uwe psi 50 au zaidi. Pima kompresheni plagi zote nne zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, uliza kwa nini. Kama ina ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini kwenye mwendo), lazima iingie gia ya tatu na ya nne. Kama ina ringi za spoku, nyanyua tairi la nyuma, funga hendibreki, kisha lizungushe kwa mkono mbele na nyuma. Ukisikia "kle", meno ya habu (kitovu kinachoshika ringi) yamelika, na ringi mpya kwenye habu iliyolika nayo italika. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, yaani wiki na mwaka. Gari la maonyesho huwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kwenye mpira uliokwisha kukauka.

Sasa kulifaidi. Utamu wa gari hili uko kwenye kabureta mbili za aina ya SU zilizosetiwa sawasawa. Injini ikiwa ya moto, inua pistoni ya kabureta moja kiasi cha milimita 1 tu kwa kile kipini kidogo cha pembeni, usikilize. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ukishuka au injini ikitaka kuzima, mafuta ni machache. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika. Rekebisha kwa nati ya chini ya kabureta, ubavu mmoja wa nati kwa wakati: kuipandisha hupunguza mafuta, kuishusha huongeza. Kabla ya hapo hakikisha mwanya wa valvu ni milimita 0.38 na wa pointi za distributa milimita 0.35 hadi 0.40, la sivyo utazungusha nati siku nzima bure. Mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta ukiyumba hata baada ya hayo, shuku vijiti vinavyozungusha vipepeo vya kabureta unapokanyaga mafuta: vikilika, hewa inapenya pembeni yake na hakuna kusetisha kutakakosaidia.

Grisi ndiyo wengi wanayoisahau. Kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hukata kona juu yake) zina nipo, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, tatu kila upande, na zinataka grisi kila kilomita 5,000 hivi, magurudumu yakiwa hewani. Gari likiwa limekaa chini, grisi haifiki upande unaobeba uzito, na hapo ndipo pin inapolika. Oili tumia 20W-50 ya madini yenye zinki ya kutosha, kwa ajili ya kemshafti. Kama injini imeundwa upya, badilisha oili baada ya kilomita 800, kisha kaza tena silinda hedi (Nm 61 hadi 68) na upime valvu upya.

Na liendeshe. Kuwasha dakika tano gereji na kuzima ni kuliumiza: unyevu unabaki kwenye oili na ndani ya ekzosi. Nusu saa barabarani kwa mwendo wa kweli inaukausha. Likilazimika kulala muda mrefu, legeza hendibreki uweke vigingi kwenye matairi, na utoe betri zote mbili za volti 6 zilizo nyuma ya viti. Ukishazitoa, mulika humo ndani kwa tochi: sahani za kubebea betri hushika kutu mapema, na ukarabati mwingi huziruka.