"Wateja Wetu Watasemaje?"

Juzi dada mmoja wa Mombasa, transijenda kama mimi, yaani mwanamke aliyehesabiwa mwanamume alipozaliwa, ameniandikia. Ameitwa intavyu ya kazi ya mapokezi, vyeti vyake bado vina jina la kiume, anauliza aseme nini. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, nikajikuta nimerudi mwaka 2019.

Nilikuwa nimeshapita mahojiano ya simu kwenye hoteli moja hapa Nairobi. Meneja aliisifu sauti yangu. Nilikopa pesa za kusuka nywele, nikapiga pasi blauzi nyeupe, usiku ukapita sijalala. Kesho yake akafungua vyeti, akasoma jina, akanitazama, akasoma tena, akatoka. Aliporudi hakuketi. "Mimi binafsi sina neno na wewe, lakini wateja wetu watasemaje?" Akasema kuna nafasi ya kufua mashuka, kule chini, mgeni asikofika. Nilikataa. Nililia kwenye matatu hadi Kangemi, na barabara ile siipiti mpaka leo.

Aimee Stephens wa Michigan alifutwa kazi mwaka 2013 na kampuni ya mazishi kwa hoja hiyohiyo, eti wafiwa watasumbuka. Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumfuta mtu kwa kuwa transijenda ni ubaguzi wa jinsia. Aimee alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Kwetu Kenya, Audrey Mbugua, transijenda mwenzetu, alilishtaki baraza la mitihani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti chenye jina lake, kisichotaja jinsia. Hukumu ile ndiyo iliyoniinua kitandani baada ya siku ile ya hotelini.

Kwa hiyo, dada, shughulikia jina kwanza: hati ya kubadili jina, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, utembee na nakala. Wakikukataa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa jinsia hata wakati wa kuajiri, na ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Nakuambia tena: maandishi. Mimi sikuomba, nikabaki na machozi tu.

Na usikubali kufichwa! Mimi huu ni mwaka wa tatu niko mapokezi ya kliniki ya meno, na wagonjwa hunisalimu kwa jina langu. Alhamisi nenda kwenye intavyu na blauzi yako uipendayo. Ukitoka, nipigie kabla hujapanda matatu.